Mkono Usiofika Sikioni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtaa wa Mbugangari umeshaamka. Pikipiki zinanguruma, majiko yanafuka moshi, na akina mama wanafunga mizigo ya kupeleka Goma, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Kampire ni mmoja wao. Kila siku isipokuwa Jumapili anabeba karoti na kabichi hadi mpakani, anapanga foleni, anavuka, anauza, anarudi. Mume wake, Donat, ni motari. Anabeba abiria kwa pikipiki mjini Gisenyi, upande wa Rwanda.

Nyumbani anabaki Mukandori, mama yake Donat, pamoja na mjukuu wake Belyse. Belyse ana miaka minane. Miguu yake imekakamaa na hupishana kama mkasi. Mkono wake wa kulia umejikunja kifuani. Anapotaka kusema, mdomo unahangaika na neno linachelewa kutoka. Kicheko chake, hata hivyo, hakichelewi kamwe.

Kutwa nzima Belyse huketishwa mkekani, karibu na mlango, nyuma ya pazia. Pazia lile halikuwekwa kwa urembo. Mgeni akija, bibi hulivuta ili mtoto asionekane. Ninasema wazi kwa sababu nyumba za namna hiyo ziko nyingi, na huenda hata wewe unaijua moja.

Kila mwaka, mwezi wa nane, Mukandori alimpima mjukuu wake. Alikuwa na kipimo chake cha zamani. Mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la upande wa pili, amekua, aende shule. Visipofika, asubiri mwaka mwingine. Kipimo hicho kilitumika zamani, wakati watu wengi hawakuandika tarehe za kuzaliwa. Donat alipimwa hivyo. Watoto wote wa ukoo walipimwa hivyo.

Belyse alipimwa akiwa na miaka sita. Mkono haukufika. Akapimwa akiwa na miaka saba. Haukufika. Mkono wa kushoto ungeweza kufika bila shida, lakini bibi alisema desturi inataka mkono wa kulia. Ukibishana na Mukandori, ujue umetafuta kazi.

Mwaka huu bibi aliamua kuusaidia mkono. Alichemsha majani, akaukanda mkono kwa maji ya moto, kisha akauvuta kuelekea kichwani. Kampire alimshika mtoto mabega.

"Nyogokuru, i-na-u-ma!" Belyse alimlilia bibi yake.

"Vumilia, mutoto yangu," bibi alisema. "Samaki mukunje angali mubichi. Mama Belyse, mushike vizuri!"

Mlango ukagongwa. Aliingia Diane, jirani mpya wa nyumba ya mbele. Diane alikulia Tanzania kabla ya wazazi wake kurudi Rwanda. Anafanya kazi hospitalini, na kazi yake ni kuwafanyisha mazoezi watu wenye viungo vilivyolegea au kukakamaa.

"Shikamoo, bibi. Samahani, nimesikia mtoto analia."

Mukandori hakuzoea shikamoo. "Jambo, mwanangu," alijibu, huku akilivuta pazia haraka. "Haiko kitu. Tuko tunapima mukono tu, kama iko tayari kwa masomo."

Diane alilifungua pazia taratibu. Akachuchumaa mkekani, akamtazama Belyse usoni, akamwambia jina lake, kisha akamwuliza la kwake. Akangoja. Hakuna mgeni aliyewahi kungoja namna ile.

"Be-ly-se," mtoto alisema.

"Belyse, mkono unauma wapi?"

Belyse akaonyesha bega.

"Bibi," Diane alisema, "najua unampenda. Lakini tafadhali usiuvute tena mkono huu kwa nguvu. Unaweza kuteguka, hata kuvunjika. Samaki mbichi anakunjwa, mtoto hakunjwi."

Bibi akaguna. Kampire akayaachia mabega mara moja.

"Donc huyu mutoto iko na ugonjwa gani?" Kampire aliuliza. "Batu wanasema ni uchawi. Wengine wanasema ni laana. Ku kanisa walimuombea siku tatu, na bado."

"Si uchawi, si laana, na wala haambukizi. Unaitwa mtindio wa ubongo. Kwa Kifaransa wanaandika IMC kwenye fishi ya hospitali. Sehemu ya ubongo inayoongoza viungo iliumia wakati ubongo bado unakua. Inaweza kutokea mtoto akiwa tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au akiwa bado mdogo. Misuli inapata amri zilizovurugika. Ndiyo maana inakakamaa."

Kampire aliinama. Alikuwa na neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Basi ni mi niliharibu," alisema. "Siku ile uchungu ilinishika niko Goma. Nikasema, ngoja nimalize kuuza kwanza. Nilichelewa kufika kwa muganga. Mutoto alitoka, hakulia. Miaka munane nabeba hii kitu ndani ya roho."

Akaanza kulia. Diane alimshika mkono.

"Nisikilize, Mama Belyse. Mtoto asipopata hewa ya kutosha wakati wa kuzaliwa, ubongo unaweza kuumia. Lakini sababu ni nyingi. Kuna homa kali ya ubongo, kuna manjano kali ya mtoto mchanga, kuna kuzaliwa kabla ya wakati. Mara nyingi hata daktari hawezi kujua ni ipi. Mama mwenye uchungu awahi kituo cha afya, hilo ni kweli. Lakini wewe ulikuwa unatafuta chakula. Hukumtakia mwanao mabaya. Hatia hiyo iweke chini leo."

Mukandori, ambaye miaka minane alikuwa akimnong'onea kila jirani kwamba mkwe wake ndiye mwenye kosa, aliangalia ukuta. Haya ilimshika, na ilimstahili.

"Iko dawa?" Kampire aliuliza akijifuta uso.

"Dawa ya kuuondoa kabisa hakuna. Mtu akikuuzia, anakuibia. Lakini hiyo haimaanishi kwamba atabaki mkekani. Akiketi vizuri atatumia mikono vizuri zaidi. Akifanyishwa mazoezi ya polepole kila siku, viungo vinaweza kulegea. Na akili yake..."

Nje pikipiki ilipita. Belyse akageuza kichwa kwenye mlango uliobaki wazi.

"R, F, sa-ba, mbi-li, ne. P," alisema. "A-li-pi-ta ja-na."

"Anasema nini?" Diane aliuliza.

"Ni mambo yake tu," bibi alijibu. "Kila pikipiki ikipita, anasema hivyo. Sisi hatusikilize."

Diane alitoka mbio hadi barabarani. Pikipiki ilikuwa imesimama dukani. Akasoma namba iliyobandikwa nyuma: RF 724 P.

Aliporudi, Donat naye alikuwa akiegesha pikipiki yake mlangoni.

"Baba Belyse," Diane alimwambia, "nani alimfundisha mwanao herufi?"

"Herufi? Hakuna mutu. Mi nilimuonyesha plaka ya pikipiki yangu mara moja tu, kwa kucheza."

"Basi amejifunza nyingine zote peke yake, kupitia tundu la pazia."

Donat aliketi chini kwenye mkeka. Chai yake ilipoa akiwa pale pale, akimsikiliza Belyse akitaja pikipiki zilizopita.

Tangu siku hiyo kazi ilianza. Diane aliwaonyesha jinsi ya kumlisha Belyse akiwa ameketi wima ili asipaliwe. Aliwaonyesha kuinyoosha miguu polepole, baada ya kuoga, bila kulazimisha. Fundi wa mtaani alitengeneza kiti cha mbao chenye mikono, mkanda na meza mbele. Hospitalini daktari alimpima Belyse, akaandika karatasi ya kueleza hali yake.

"Watoto wenye mtindio wa ubongo hawafanani," Diane aliwaambia. "Mmoja anatembea, mwingine hatembei. Mmoja anaelewa haraka, mwingine polepole. Wengine wana kifafa. Lakini kwenda shule ni haki yao wote."

Basi Kampire akamfunga Belyse mgongoni, akaenda shule ya msingi ya jirani. Ilikuwa imebaki wiki moja uandikishaji ufungwe. Mwalimu mkuu, Karangwa, alimpokea kwa adabu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioumiza zaidi.

"Mama, pole sana," Karangwa alisema. "Hapa haiwezekane. Angalia ile ngazi, iko na madaraja kumi na mbili. Walimu wangu hawakusomea mambo ya hivi. Darasa iko na watoto sitini. Umupeleke ku kituo ya watoto kama yeye."

"Kituo iko wapi, Direkta?"

"Labda Kigali. Mi sijue vizuri."

Kampire alirudi siku ya pili. Akaambiwa hapana. Akarudi siku ya tatu. Hapana. Jioni alimwambia mumewe, "Baba Belyse, nimechoka. Labda mutoto wetu abaki tu nyumbani."

Donat alipiga ngumi mezani. "Reka, acha! Mutoto anasoma plaka za Gisenyi yote, halafu abaki nyumbani? Kesho siendi kazini."

Diane ndiye aliyewaelekeza. "Kwenye kila wilaya kuna ofisi ya MAJ. Inasaidia wananchi mambo ya sheria, na ushauri wake haulipiwi. Nendeni na mtoto. Chukueni cheti chake cha kuzaliwa na ile karatasi ya daktari."

Katika ofisi ya MAJ walimkuta mwanasheria aitwaye Gakwaya. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu aliuliza swali ambalo hawakulitarajia.

"Huyu mutoto iko na miaka munane. Miaka ya kwanza ya masomo alikuwa wapi?"

Donat alimtazama Kampire. Kampire alitazama sakafu.

"Alikuwa nyumbani," Donat alisema. "Tulikuwa tunamupima mukono ku sikio."

Gakwaya alitikisa kichwa. "Bon. Niwaambie ukweli. Sheria haimuangalie direkta peke yake. Inaangalia na nyinyi. Kumupeleka mutoto ku masomo ni kazi ya muzazi. Kumuficha juu ya ulemavu ni kumunyima haki yake. Direkta amemufungia mulango wiki moja. Nyinyi mulimufungia miaka mbili."

Maneno yalichoma, lakini yalikuwa kweli. Donat alikubali.

"Tulikosa, Mwanasheria. Sasa tunataka kutengeneza."

"Muzuri. Sikilizeni. Kila mutoto Rwanda iko na haki ya kusoma masomo ya msingi. Na iko sheria ya kulinda watu wenye ulemavu. Inakataza kumubagua mutu juu ya ulemavu wake. Ngazi haiko sababu. Ngazi inaweza kutengenezwa."

"Mi nilimuomba mara tatu," Kampire alisema.

"Ulimuomba na mudomo. Mudomo haibaki mahali. Andikeni barua, kopi mbili. Ombeni nafasi ya mutoto. Direkta apokee moja, na ku ile ingine aweke sahihi na tarehe. Hiyo mutaitunza. Kama anakatala, aandike sababu yake. Na ile jibu mutaenda kwa mukubwa wa elimu ku sekta, halafu ku wilaya. Kukishindikana kote, iko tribunali, na mi nitawasaidia kutayarisha dosie ya kesi. Lakini mara mingi haifike kule."

Walipokuwa wanatoka, aliwaita tena. "Kitu ingine. Kama watoto wengine wanaingia bila mutihani, na yeye asifanyiwe mutihani."

Siku ya mwisho ya uandikishaji, Ijumaa, familia nzima ilikwenda shuleni. Hata Mukandori alikuja, amevaa kitenge chake cha harusi. Kampire aliweka barua mbili juu ya meza ya Karangwa.

Karangwa alisoma. Akasoma tena. Akavua miwani.

"Mama, si nilikuambia?"

"Uliniambia, Direkta. Leo naomba uniandikie. Kama jibu ni hapana, andika hapana, uandike na sababu, uweke tarehe. Mi sina haraka. Leo sikuvuka mupaka."

Karangwa alichukua kalamu. Mkono ulibaki juu ya karatasi. Ajabu ya mwanadamu! Neno alilolisema kwa mdomo mara tatu bila kusita, kalamu ilikataa kuliandika. Alijua vizuri kwamba karatasi hiyo ingesomwa na wakubwa wake.

"Basi tufanye hivi," alisema. "Nimupe mutihani kidogo. Nione kama anajua herufi."

Kampire alijua kwamba Belyse angeyaweza maswali yote. Ulimi ulimwasha. Angeweza kusema, "Muulize!" na kumwaibisha mwalimu mkuu palepale. Lakini aliwakumbuka watoto ambao hawajui hata herufi moja, wanaofichwa kama alivyofichwa wake.

"Direkta, wale watoto wengine wa darasa ya kwanza, uliwapa mutihani?"

"Hapana. Wao wanakuja kujifunza."

"Na yeye anakuja kujifunza."

Karangwa alivaa miwani tena. Belyse, kwenye mapaja ya baba yake, alikuwa akimtazama bila kupepesa. Nje watoto walikuwa wakicheza mpira wa majani ya migomba.

"Mi siko mutu mubaya," Karangwa alisema kwa sauti ya chini. "Naogopa tu. Kama anaanguka ku ngazi yangu, je?"

"Hata sisi tulikuwa tunaogopa," Donat alisema. "Tulimuficha. Kuogopa haikumusaidia mutoto. Ngazi, uniachie mi."

Karangwa alifungua daftari la uandikishaji. Mstari wa hamsini na saba, akaandika kwa herufi kubwa: UWASE BELYSE. Kisha akatia sahihi kwenye barua ya Kampire na kuandika: Amepokelewa.

Mukandori alipiga vigelegele mle mle ofisini. Mwalimu mkuu aliruka kitini.

Ikaja Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, wakati wananchi wote hufanya kazi za pamoja. Kazi ilipokwisha, watu waliketi kwenye mkutano kama kawaida. Mkuu wa mtaa aliuliza kama kuna mwenye neno. Donat alisimama. Kwenye kituo cha pikipiki wenzake walimjua miaka kumi, na wengi hawakujua kwamba ana mtoto.

"Mi niko na mutoto," alisema. "Anaitwa Belyse. Iko na mtindio wa ubongo. Miaka munane nilimuficha juu ya haya. Haya ilikuwa yangu, haikuwa yake. Ameandikwa ku masomo, lakini ile ngazi hawezi. Naomba mikono yenu."

Halafu mama mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Na mi iko naye mumoja. Anaitwa Hirwa." Akaanza kulia. Mwingine akainua mkono. Kumbe mtaa ule mmoja ulikuwa na watoto wanne nyuma ya mapazia.

Hawakungoja mwezi mwingine. Jumamosi iliyofuata walikuja watu kama themanini. Mbugangari mawe ya volkano hayanunuliwi, unayaokota tu. Motari walileta mchanga kwa magunia, gunia moja kila pikipiki. Karangwa mwenyewe alikunja suruali, akachanganya saruji. Diane alisimama na kipimo, akikataa kila mara njia ilipokuwa na mwinuko mkali. Kabla ya jua kuzama, pembeni ya ngazi ilikuwepo njia pana ya mteremko, yenye reli ya chuma ya kushikilia.

Belyse alianza shule mwezi wa tisa. Usidhani mambo yote yalikuwa laini. Siku za kwanza watoto walimcheka. Mwalimu alipigwa na butwaa mate yalipodondokea daftari. Kuandika kwa mkono wa kushoto kulimchukua muda mrefu kuliko wenzake. Diane alifika, akamwonyesha mwalimu jinsi ya kukiweka kiti na kumpa mtoto muda wa kujibu. Muda tu! Baada ya mwezi mmoja watoto waligombania nani akae karibu naye, kwa sababu Belyse ndiye aliyejua kusoma.

Mazoezi hayakusimama. Mukandori ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Kila asubuhi alimnyoosha mjukuu wake polepole, akimwimbia. Mwaka ulipogeuka, mwezi wa pili, mkono wa kulia ulipoanza kushika kidogo, Belyse alipata fremu ya kutembelea. Mwezi wa nne alipiga hatua tatu. Mwezi wa sita alivuka uwanja, akitoka jasho, ulimi nje, akicheka.

Mwezi wa saba ikafika siku ya kutangaza matokeo. Wazazi walijaa uwanjani. Kampire hakuvuka mpaka. Diane aliomba ruhusa kazini. Mama Hirwa alikuwepo na mwanawe kwenye kiti, naye ameandikwa kwa mwaka unaofuata. Karangwa alisimama juu, mwisho wa ile njia ya mteremko, akasoma majina kwa kipaza sauti. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto hamsini na wanane.

"Wa tano," alisoma. "Uwase Belyse."

Kampire alishika kichwa. "Mana yanjye, Mungu wangu!" Vigelegele vya Mukandori vilisikika hadi barabarani. Donat aliinuka upesi kwenda kupokea karatasi ya matokeo kwa niaba ya mwanawe, kama alivyofanya kila kitu kwa niaba yake tangu azaliwe.

Mkono mdogo ukamshika koti.

"Pa-pa, kaa," Belyse alisema. "Wa-me-i-ta mi."

Donat akakaa. Belyse alishika fremu yake kwa mikono yote miwili, akaingia kwenye njia ya mawe. Hatua moja, akapumua. Hatua nyingine, akapumua. Karangwa alishusha kipaza sauti na hakusoma jina la sita. Uwanja mzima ukamngoja mpaka akafika juu.